Kurasa Nane na Kisado Kimoja

Kisado kilikuwa cha plastiki, cha bluu, ukingoni kimebakiwa na alama za rangi ya nyumba. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kiganja chini yake, kisha akanitazama.

"Kitako chake hakijatuna," alisema. "Mtu wa kangomba haji na kisado cha namna hii, mjukuu wangu. Kipasheni moto, mkisukume kwa ndani mpaka kitako kitokeze. Hapo ndipo kinakula korosho."

Tulikuwa uwani kwake Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Mapajani nilikuwa na skripti ya filamu yetu fupi, kurasa 14, na nilikuwa nimekwenda kumsomea Bibi maneno yake, maana yeye ndiye atakayemcheza mjane. Ukurasa wa 6 ulikuwa wote hotuba: mjane anamweleza mnunuzi jinsi wakulima wanavyonyonywa. Mistari 22, niliyoiandika usiku kucha na kuipenda sana. Bibi aliisikiliza yote kwa heshima, halafu akauliza, "Sasa haya yote namwambia yeye kwa nini, na yeye anayajua?"

Nilichukua kalamu nikaufuta ukurasa mzima. Pembeni nikaandika: anapitisha kiganja kitakoni.

Kwa msomaji aliye mbali na kusini, kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Kwa utaratibu, mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha ushirika, zinapimwa kwa mizani, zinakwenda ghalani, anapewa stakabadhi, mnada unafanyika, na malipo yanakuja baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo inayozaa kangomba. Chumvi imeisha leo. Mtoto ana homa leo. Na jioni anapita mtu mwenye hela mfukoni na chombo mkononi, ananunua kwa bei ya chini na kwa kipimo chake mwenyewe. Ni kosa kisheria, na mtaa mzima unajua ni mlango gani uliogongwa.

Nilitaka kutengeneza filamu fupi juu ya jambo hilo kwa simu moja na fedha kidogo, na rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 23 na malori ya jeshi. Mnakumbuka msimu wa 2018. Novemba ile Serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakapewa kazi ya kuzisomba, na wakulima wakahakikiwa ili wenye kangomba wajulikane. Neno letu la huku likasikika nchi nzima. Nikaona hapo pana filamu kubwa, nikaandika msafara wa malori, mkutano wa hadhara, umati wa watu, hadi helikopta. Kwa karatasi malori hayana gharama. Nilipokaa na mpiga picha wetu kuhesabu tulivyonavyo, hesabu ilikuwa hivi: simu moja yenye kamera nzuri, simu ya pili ya kurekodia sauti, maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, stendi, taa moja ya sola, uwanja wa Bibi, na shilingi 380,000 tulizochangishana.

Ukurasa mmoja wa skripti, ukiandikwa kwa mpangilio wake wa kawaida na herufi za Courier saizi 12, unakaribia dakika moja ya filamu. Si sheria ya mawe, lakini inakuonyesha mzigo uliojitwisha. Kurasa 23 kwetu zilikuwa ni wiki mbili za kushuti, na watu wetu wana mashamba, bodaboda na watoto. Watoaji wa tuzo za Oscar wanaihesabu filamu kuwa fupi hadi dakika 40, pamoja na majina ya mwisho. Vijana wengi wanaisikia namba hiyo wanajaza 40. Mimi naona wanakosea. Filamu fupi inatosha mtu mmoja, siku moja, na jambo moja analolazimika kuamua. Bibi anajua anaibiwa. Atauza au hatauza? Hilo likikaa sawa, malori hayahitajiki. Msimu mzima wa 2018 unaingia ndani ya kisado.

Kosa ulilolifanya kwenye karatasi unalifuta. Kosa lilelile ukilifanya lokesheni, mahali pa kushuti, unalilipia nauli, chakula, betri, na subira ya watu waliokuja kukusaidia bure. Kwa hiyo nilirudi kwenye karatasi miezi miwili. Kurasa 23 zikawa 14, na baada ya siku ile ya Bibi zikawa 8.

Nieleze kidogo namna ya kuandika kwenyewe, maana hapo ndipo naona wenzangu wengi wanakwama. Skripti inabeba vinavyoonekana na vinavyosikika tu. Ukiandika "Bibi anakumbuka taabu za ujane," umeandika riwaya. Mpiga picha atapiga nini? Sini (onyesho) yetu ya kati, kabla sijairudisha salamu nitakayoieleza mbele, ilibaki hivi:

NJE. UWANI KWA BIBI – MAGHARIBI

Mnunuzi anaweka kisado chini. Bibi anakiokota. Anapitisha kiganja kitakoni. Mkono unasimama.

MNUNUZI
Giza linaingia, bibi.

Bibi anakirudisha kisado chini. Anavuta gunia karibu. Anaanza kuchota.

Hakuna zaidi ya hapo. Maneno matatu kwa mnunuzi, na Bibi hana hata moja. Nilipomsomea safari ya pili, alitikisa kichwa kukubali, akasema, "Hapo sawa. Mtu akiona haya hasemi sana."

Sisi tuliosoma tamthilia shuleni tuna mazoea ya kumpa kila mzee methali. Mzee akifungua mdomo kwenye filamu zetu inatoka hekima ya mababu, na mtazamaji anajua hapa nafundishwa. Wazee ninaowajua mimi wanaongea habari za mbuzi, za miguu kuuma, za mjukuu asiyepiga simu. Methali moja niliibakiza, lakini si mdomoni. Bibi alivaa kanga, na watu wetu wanasoma kanga. Mwanamke akipita barabarani, kabla hujamwona uso umeshasoma mgongo wake. Tukatafuta kanga yenye maneno "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," tukamfunga kwa namna ambayo yanaonekana maneno mawili ya mwisho tu, mwenye njaa, na yenyewe kwa sekunde chache anapoinama kuchota. Mwenye kuona ataona.

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni salamu. Wafundishao skripti wanasema ingia kwenye sini ukiwa umechelewa, ruka hodi na karibu, anzia penye moto. Ni ushauri mzuri, na nilikuwa nimeufuata: sini ilianza mnunuzi akiweka kisado chini. Lakini kila nikiisoma naona pana pengo. Huku kwetu kijana hawezi kuingia uwani kwa mtu mzima akaanza biashara hivihivi. Nikairudisha shikamoo, kisha nikaivunja. Mnunuzi anasema "Shikamoo bibi" huku tayari ameinama anaweka kisado, na macho yake yako kwenye gunia. Hangoji jibu. Bibi anakaa kidogo, halafu anasema "Marahaba" kwa mgongo wa kijana. Katika filamu nzima hakuna tusi wala kelele, na watu waliokuja kuitazama walisema kijana yule hana adabu tangu alipoingia. Shikamoo haina gharama yoyote. Ukijua kuiandika, umempa mtu tabia yake yote kwa sekunde nne.

Na lafudhi. Nataka niliseme hili wazi kwa sababu linaniuma. Kwenye michezo mingi ya kuchekesha, Mmakonde ni mlinzi wa getini anayesema "ntu" na "ntoto" ili watu wacheke. Tumekua tukiicheka sauti ya bibi zetu wenyewe. Kijana aliyecheza mnunuzi, dereva wa bodaboda wa Chikongola, siku ya kwanza ya mazoezi alianza kuongea kama mtu wa Dar es Salaam. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Si ndiyo kuigiza?" Tulikaa naye chini ya mwembe nusu saa. Nilimwomba aseme maneno yake kama anavyomwambia abiria wake saa moja asubuhi. Alipoyasema hivyo, sauti ikashuka, mabega yakashuka, uso ukatulia. Bibi naye alisema "ntoto" pale skripti ilipoandika "mtoto," nami sikumrudisha. Hakuna aliyecheka siku ya maonyesho, kwa kuwa filamu haikuwa inamcheka.

Tulishuti Julai. Watu wangu walipatikana wakati huo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja kila mtu yuko chini ya mikorosho anaokota. Lakini Julai ni kusi. Aliyekaa pwani hii anaujua upepo huo, unavuma kutoka kusini tangu mwezi wa nne hadi wa tisa, na mchana unasukuma hata milango. Kwenye picha upepo ni mzuri: kanga inapepea, majani yanacheza. Kwenye maiki ni mngurumo unaofunika kila neno. Siku ya kwanza tulirekodi saa tano mfululizo, na usiku tulipovaa spika za masikioni hapakuwa na sentensi hata moja inayofaa. Mtazamaji anaivumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti mbovu haivumilii. Nimeshaona watu wakiondoka kwenye maonyesho kwa sababu hiyo, bila hata wao wenyewe kujua ni nini kilichowachosha.

Kwa hiyo tulijenga ukuta. Magodoro mawili tuliyasimamisha upande wa kusini wa uwanja, nje ya picha, tukayaegemeza kwenye magogo. Maiki tukaifunika sponji na kuificha ndani ya mkunjo wa kanga kifuani kwa Bibi. Na baada ya kila sini nilimwomba kila mtu anyamaze nusu dakika nzima, tukarekodi uwanja mtupu: kuku, majani, redio ya mbali. Ukimya huo una kazi kubwa wakati wa kuediti. Ukikata maneno ya mtu ukaacha tundu tupu, sikio linashtuka. Ukilijaza kwa sauti ya uwanja uleule, mkato hausikiki. Na kwa kuwa sauti ilikuwa kwenye simu ya pili, mwanzo wa kila shoti mtoto mmoja alisimama mbele ya kamera akapiga kofi moja. Kwenye kompyuta unatafuta picha ya viganja vinavyokutana na mlio wake, unavipanga pamoja, mdomo na sauti vinakwenda sambamba.

Sini nyingine ilikuwa dukani, mjukuu ananunua sukari na sabuni kwa hela ile ya korosho. Duka lina friji, na friji inavuma. Tukaomba ruhusa, tukalizima, tukashuti kwa muda wa saa tatu, tukashukuru, tukaondoka. Kesho yake asubuhi nilipigiwa simu. Hatukulirudisha kwenye umeme, na ndani mlikuwa na ndoo ya changu iliyonunuliwa kwa ajili ya arobaini. Tulilipa samaki wote siku hiyohiyo kutoka kwenye fungu la chakula, na mimi nilikwenda mwenyewe kuomba radhi kwa mama mwenye duka mbele ya watoto wake. Aliniambia, "Umekuja, basi." Tangu siku hiyo, nikizima friji ya mtu, funguo za pikipiki yangu zinaingia ndani ya friji hiyo. Siwezi kuondoka bila kulifungua, na nikilifungua nitakumbuka.

Dukani pia tulipata mistari. Taa ilikuwa ya tyubu, na kwenye picha mikanda ya giza ilikuwa inapanda ukutani bila kukoma. Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya namna ile inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu yetu ilikuwa imepangwa fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Ukiipanga fremu 25 na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, sehemu moja ya 50 ya sekunde, kila picha inameza mapigo mawili kamili ya taa, na mistari inatoweka. Inahitaji programu ya kamera inayokuruhusu kuishika shata kwa mkono, na zipo za bure.

Magharibi yenyewe ilitupa kazi ya siku nne. Huku jua likizama giza haliko mbali. Unapata kama dakika 20 za mwanga ule wa majivu niliouandika. Tulishuti dakika 20, tukafunga, tukarudi kesho. Kila jioni kanga ileile, kwa mkunjo uleule tuliopiga picha kuukumbuka, na kiasi cha korosho ndani ya gunia tukakiwekea alama ya mkaa kwa ndani ili zisizidi wala kupungua kati ya shoti na shoti. Bibi alivaa ndala zake siku ya tatu badala ya kwenda peku, na mjukuu wake wa kweli, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyegundua.

Vibali nitavipitia haraka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka uwe na kibali kabla ya kushuti, na Bodi ya Filamu ndiyo inayohusika. Nenda pia kwa mwenyekiti wa mtaa na barua yako, na umwambie filamu inahusu nini bila kumficha. Mimi nilihofia neno kangomba. Mwenyekiti alisoma kurasa zote 8 amesimama, akasema kisado kinachotuna anakijua.

Chakula kilikula zaidi ya nusu ya fedha zetu, na sijutii hata shilingi. Ugali wa muhogo na samaki mchana, ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha jioni wakati tunasubiri jua lishuke. Mtu anayekupa siku nne za maisha yake bila malipo hashindi na njaa uwani kwako.

Mwezi wa tisa tulifunga shuka jeupe kwenye ukuta wa Bibi, tukaazima projekta, watu wakaja na mikeka. Dakika 8 na sekunde 40. Mkono wa Bibi ulipopita chini ya kisado na kusimama, wanawake waliokaa mbele walitoa sauti moja, "Mmh," kabla mnunuzi hajasema neno. Niliisikia nikiwa nyuma karibu na projekta, na mwili ulinisisimka. Bibi hakugeuka. Alikuwa anajitazama kwa makini, kama anayesubiri kuona huyu mama ataamua nini.

Baada ya maonyesho, mzee mmoja mwenye shamba upande wa Mkunya alinifuata. Alinishika mkono, akanipongeza, kisha akasema, "Ila korosho zile ni za mwaka jana."

Nilimuuliza amejuaje, maana kwa mwanga ule wa magharibi hata rangi yake haionekani vizuri.

"Zinalia," alisema. "Korosho iliyokaa mwaka ghalani ikimwagwa inalia kama kokoto. Ya juzi haijakauka hivyo, sauti yake nzito. Na mama yule kavuna juzi, si ndivyo ulivyosema?"

Ndivyo nilivyosema. Hadithi yangu ilikuwa ya Novemba, na korosho tulizoshuti nazo Julai ni zile Bibi alizokuwa amejiwekea za kubangua. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba kuna mtu atasikia msimu ndani ya kisado. Lakini filamu hii niliiandika kwa ajili ya watu walewale wanaosikia hivyo, na usiku ule sikulala vizuri.

Novemba kusi lilikuwa limekwisha. Nilichukua kisado kilekile, simu na maiki, nikaenda hadi shambani kwa mzee yule alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza kupita. Chini ya mikorosho mabibo yalikuwa yametapakaa na kunukia. Alinionyesha rundo la korosho alizonyofoa jana yake, nikachuchumaa, nikaweka maiki kwenye ukingo wa kisado, naye akachota kwa viganja viwili, akamwaga. Mara ya kwanza haraka mno. Mara ya pili akamwaga kama mama anayeuza asichotaka kuuza, kidogo kidogo, hadi kikajaa. Tulirudia mara sita. Jioni yake nilifungua filamu upya kwenye kompyuta, nikaondoa sauti ya Julai chini ya mikono ya Bibi, nikaweka ile.